Mgeni mpe jembe: Unachoweza kujifunza kwa klabu za wanawake Waingereza ughaibuni

UKIPITA Karen, Runda ama Nyali miezi ya mwisho wa mwaka, huenda ukaona bango la soko la hisani. Kuna keki, kadi za Krismasi, vikapu, vitabu vilivyokwisha kusomwa na nguo za mitumba zilizopigwa pasi vizuri. Nyuma ya meza hizo aghalabu utawapata kina mama wa kigeni, baadhi yao Waingereza, wakihesabu chenji huku wakipiga stori.

Ukiwatazama kwa mbali unaweza kudhani ni watu wenye pesa wanaotafuta tu namna ya kupitisha wakati. Kuna ukweli kiasi katika hilo. Lakini ukisogea karibu utaona jambo lingine: mfumo wa zaidi ya miaka 100 wa kumzuia mwanamke asipotelee ugenini kwa upweke.

Mbona wewe kijana wa Kenya ujali? Kwa sababu huenda nawe unapanga kuondoka. Labda ni muuguzi unayetaka kwenda Uingereza chini ya mkataba uliotiwa saini na nchi hizi mbili mnamo Julai 2021. Labda umepata kazi Doha ama Dubai, au masomo Canada, au umeolewa na mtu anayefanya kazi ng'ambo. Utafunzwa habari za viza, mtihani wa Kiingereza, tiketi na koti zito la baridi. Hakuna atakayekufunza utafanya nini Jumamosi ya kwanza ukiwa kwenye chumba kidogo, mji mzima hujui mtu hata mmoja.

Waingereza wamelishughulikia swali hilo kwa muda mrefu, tena kwa utaratibu. Makala haya yanakueleza klabu zao hufanyaje kazi, wapi zilikosea, na unavyoweza kuingia ama kuanzisha yako.

Kazi ya mume, viza ya mke

Kwa miaka mingi, mwanamke Mwingereza aliyehamia nchi nyingine alihama kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mume alikuwa wa benki, kampuni ya mafuta, ubalozi, jeshi ama shule. Walipofika, mume alienda ofisini asubuhi na kupata wenzake papo hapo. Watoto walienda shuleni na kupata marafiki kufikia Ijumaa. Mke alibaki nyumbani na maboksi ambayo hayajafunguliwa.

Mara nyingi hata viza yake haikumruhusu kuajiriwa. Hali hiyo ipo hadi leo katika nchi nyingi: mtu anayeingia kama mke ama mume wa mfanyakazi hupewa kibali cha kukaa lakini si cha kufanya kazi. Unaweza kuwa na digrii ya uhasibu na miaka kumi ya tajriba, na bado ukaambiwa kazi yako ni kusindikiza.

Sheria za kwao wenyewe nazo zilichangia. Hadi mwaka 1973, mwanamke aliyekuwa mwanadiplomasia wa Uingereza alilazimika kujiuzulu akiolewa. Hebu fikiria: leo wewe ni afisa wa ubalozi, kesho umefunga ndoa, keshokutwa huna kazi. Wanawake wengi waliosoma na kujua kuongoza walijikuta ugenini bila chochote cha kuongoza.

Klabu ikawa ndiyo ofisi yao. Humo kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kumbukumbu za mikutano, bajeti na uchaguzi. Aliyekuwa mhasibu alishika vitabu vya pesa. Aliyekuwa mwalimu alipanga mafunzo. Aliyezoea kutoa amri alisimamia soko la hisani, na wenzake wakamwogopa kidogo.

Mambo yamebadilika. Siku hizi wapo wanawake wanaohamishwa kwa kazi zao wenyewe na waume wanaofuata nyuma, na zipo klabu zinazowapokea wanaume. Lakini shida ya msingi haijabadilika. Mtu amehama, hajulikani, na hana sababu ya kutoka nyumbani.

Nairobi, 1917

Mojawapo ya vyama vikongwe vya aina hii kilizaliwa hapa hapa kwetu. East Africa Women's League kilianzishwa Nairobi mwaka 1917, wakati Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Isabel Ross, mke wa William McGregor Ross, aliyekuwa mkurugenzi wa kazi za umma katika serikali ya kikoloni.

Chama hicho hakikuanza kwa chai na biskuti pekee. Ajenda yake ya mapema ilikuwa kura. Wanawake wa Kizungu nchini walitaka haki ya kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kama waume zao. Waliipata mwaka 1919. Baadaye chama kilijishughulisha na afya, elimu, wazee na familia za walowezi, na kikawa na matawi mashambani ambako mke wa mlowezi angeweza kukaa wiki nzima bila kuzungumza na mwanamke mwenzake wa lugha yake. Wanachama walidarizi vitambaa vikubwa vinavyosimulia maisha ya walowezi nchini. Mwaka 2017 kilitimiza miaka 100.

Huko London nako, mwaka 1950 kulianzishwa Women's Corona Society kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakielekea makoloni. Kazi yake ilikuwa kumwandaa mtu kabla hajasafiri: nchi ikoje, ubebe nini, kuna magonjwa gani, utapata wapi shule ya watoto, ukifika umwone nani. Kwa lugha ya leo, ni kama kundi la WhatsApp la watu waliotangulia, ila walitumia vijitabu na mikutano ya ana kwa ana.

Hapo ndipo penye jambo la kujifunza. Mwanamke huyo hakuachwa afike kwanza ndipo aanze kutafuta watu. Alipanda meli akiwa na jina la mtu wa kumpokea.

Jembe siku ya kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Klabu hizi hazingoji hata siku ya tatu.

Hivi ndivyo mambo huenda kwa kawaida. Mwaka wa klabu nyingi huanza Septemba, kwa kuwa familia nyingi za Kizungu huhama wakati wa likizo ndefu ya Julai na Agosti ili watoto waanze darasa jipya kwa wakati. Septemba huwa na asubuhi ya kahawa kwa wageni. Unafika, unabandikwa kikaratasi chenye jina lako kifuani, unakutanishwa na mtu anayeishi karibu na kwako. Unalipa ada ya mwaka. Unaonyeshwa orodha ya makundi madogo: kusoma vitabu, kutembea milimani, kucheza karata, kupika, kushona, kina mama wenye watoto wachanga, kujifunza lugha ya nchi husika.

Kisha linakuja swali ambalo mgeni halitarajii: "Soko la Krismasi linahitaji watu wa meza ya vitabu. Tukuandike?"

Ukikubali, basi umeshaingia. Utapewa zamu ya saa mbili na mtu usiyemjua. Mtapanga vitabu, mtabishana kuhusu bei, mtacheka mteja akiomba apunguziwe kitabu cha shilingi 50. Wiki ijayo mtapigiana simu kuhusu vitabu vilivyobaki. Baada ya mwezi atakuwa ndiye unayempigia mtoto akishikwa na homa usiku na hujui hospitali ipi iko wazi.

Ndio maana hisani na urafiki hazitenganishwi katika klabu hizi. Kahawa peke yake haitoshi. Watu wawili wasiojuana wakikaa mezani bila kazi, mazungumzo yanakauka haraka: umetoka wapi, una watoto wangapi, joto hili jamani, basi. Lakini wape kazi ya pamoja yenye tarehe ya mwisho, na urafiki unakuja wenyewe bila kutafutwa. Mwenye haya anafaidika zaidi, maana hahitaji kuwa mchangamfu. Anahitaji tu kufika kwa wakati na kubeba boksi.

Sisi tunalijua hili. Nani hajapata rafiki wa kudumu jikoni kwenye harusi, wakimenya viazi gunia zima? Ama kwenye kamati ya mazishi? Tofauti ni kwamba tukienda ng'ambo tunaisahau mbinu hii. Tunangoja kualikwa.

Pesa huenda wapi?

Pesa za soko la hisani, za mnada, za chakula cha jioni na za matembezi ya kuchangisha hukusanywa na mweka hazina. Kamati hukaa na kuamua nani atasaidiwa. Wapokeaji huwa ni shule, nyumba za watoto, hospitali, makao ya wazee ama wanafunzi wanaohitaji karo.

Kama uko na kikundi cha vijana mtaani kinachosaidia jamii, jua kwamba klabu za namna hii, na nyingine zinazofanana nazo kama Inner Wheel na Rotary, hupokea maombi. Inner Wheel yenyewe ilianzishwa Manchester mwaka 1924 na Margarette Golding, muuguzi na mfanyabiashara, ikiwaunganisha wake wa wanachama wa Rotary. Leo iko katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na viongozi wake hapa ni Wakenya.

Vijana wengi hukosa msaada huu kwa sababu wanaomba vibaya. Wanaandika barua ya kurasa nne yenye machozi mengi na hesabu kidogo. Kamati ya kina mama waliozoea kuuza keki moja moja inataka mambo mepesi: mnafanya nini, kwa nani, mnahitaji kitu gani hasa, kinagharimu pesa ngapi, nani atakisimamia. "Tunahitaji madawati 12 kwa darasa la watoto 36, fundi ametupa bei hii" ni ombi linaloeleweka. "Tunaomba mtusaidie kuinua jamii yetu" halieleweki.

Muwe na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, wala si la mwenyekiti. Mkishapewa, rudisheni risiti na picha za madawati bila kungoja kuulizwa. Halafu waalikeni waje waone. Wengi wao hawatafuti sifa, wanataka kujua kama madawati yalifika kweli.

Mlango ulifungwa kwa nani?

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa sababu hadithi hii ina doa.

Kura ile ya mwaka 1919 ilikuwa ya wanawake wa Kizungu pekee. Mwanamke Mwafrika aliyemwogea mtoto wa mwanachama wa klabu, akampikia na kumfulia, hakuhesabiwa. Waafrika kwa jumla hawakupiga kura ya kuwachagua wajumbe wao katika baraza hilo hadi Machi 1957, miaka 38 baadaye, na hata wakati huo ni baadhi tu walioruhusiwa kulingana na elimu, mali ama kazi. Wanawake waliojua vizuri uchungu wa kunyimwa sauti walipigania sauti yao, wakaipata, na hawakuuacha mlango wazi kwa walio nyuma yao.

Hata hisani ilikuwa na sura hiyo. Maendeleo ya Wanawake, ambayo leo tunaijua kama shirika la wanawake wa Kenya, ilianza mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni ikiongozwa na wanawake wa Kizungu. Wanawake Waafrika walifunzwa kupika, kushona, usafi na malezi. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilivitumia vikundi hivyo pia kuwavuta wanawake wa Mlima Kenya wasiwaunge mkono Mau Mau. Msaada ulikuwa na kamba.

Lakini tazama kilichofuata. Wanawake wa Kenya walikichukua chombo hicho na kukigeuza chao. Kikaingia mikononi mwa viongozi Waafrika, na chini ya Jane Kiano, aliyekiongoza kuanzia mwaka 1971 hadi 1984, kikawa na sauti kubwa nchini. Vivyo hivyo Mothers' Union, iliyoanzishwa na Mary Sumner mwaka 1876 kijijini Old Alresford, Uingereza, leo ina wanachama takriban milioni 4 duniani, na nguvu yake kubwa iko Afrika. Ukienda kanisa lolote la Kianglikana Jumapili, kule Maseno ama Murang'a, utawaona. Wengi hawafikirii kabisa habari za Uingereza. Ni chama cha mama zao na nyanya zao.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, utaratibu wa klabu si mali ya Mzungu: katiba, ada, kamati na vitabu vya hesabu hufanya kazi katika mikono yoyote. La pili, klabu hupimwa kwa mlango wake. Kabla hujaisifu kwa hisani inayotoa, uliza nani haruhusiwi kuketi mezani.

Siku hizi ubaguzi wa wazi umeondoka, lakini kuna kizuizi kingine cha kimyakimya: saa. Kikao kikiwa Jumanne saa nne asubuhi kwenye mkahawa ambako kikombe cha kahawa ni nauli yako ya siku mbili, hakuna haja ya kuandika kwamba muuguzi wa zamu ama yaya hatakiwi. Hawezi tu kufika. Dada yetu anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, ambaye pengine hana siku ya kupumzika wala uhuru wa kutoka, ndiye aliye mpweke kuliko wote, na ndiye aliye mbali kabisa na meza hiyo.

Je, wewe unaweza kujiunga?

Pengine unaweza, kuliko unavyodhani.

Kwanza, wapo Wakenya wenye pasipoti ya Uingereza, kwa kuzaliwa, kwa mzazi ama kwa kuomba uraia. Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kama ni wewe, una haki ile ile ya kujiunga na klabu ya wanawake Waingereza popote duniani kama binti aliyezaliwa Leeds. Usijitoe mwenyewe kwa kufikiri kwamba "si ya watu kama sisi".

Pili, nyingi hupokea pia mwanamke aliyeolewa na Mwingereza, na nyingine hupokea mtu yeyote anayezungumza Kiingereza.

Tatu, angalia jina. Paris na Brussels, kwa mfano, ni miji ambayo imekuwa na klabu za wanawake zenye neno "Commonwealth" kwenye majina yao, yaani Jumuiya ya Madola. Kenya ni mwanachama wa jumuiya hiyo tangu mwaka 1963. Ukiwa na pasipoti ya Kenya, neno hilo moja linakupa sababu nzuri ya kubisha hodi na kuuliza.

Kabla hujalipa ada, uliza maswali haya:

Je, naweza kuhudhuria kikao kimoja kama mgeni? Klabu nzuri itakubali bila kusita.

Mnakutana saa ngapi, na kuna kundi la jioni ama wikendi kwa walioajiriwa? Kama hakuna, jitolee kulianzisha. Klabu nyingi zina upungufu wa wanachama vijana, na kijana anayejitolea hupokewa kwa mikono miwili.

Ada ni pesa ngapi kwa mwaka, na kuna gharama gani zaidi ya hiyo? Ada yaweza kuwa ndogo, lakini chakula cha mchana cha kila mwezi kikakumaliza.

Mwaka jana mlichangisha kiasi gani na mlimpa nani? Wakiona haya kujibu, au mweka hazina akikasirika, funga mkoba wako uende zako.

Ukiingia, usikae pembeni ukingoja kuulizwa habari za simba. Chukua kazi. Omba meza, omba zamu, omba kuandika kumbukumbu. Utaulizwa maswali ya ajabu, ndiyo. Mtu atakusifu kwamba unaongea Kiingereza kizuri. Jibu kwa utulivu na uendelee kupanga vitabu. Usipoona heshima baada ya miezi mitatu, ondoka. Klabu si ndoa.

Kama hakuna, anzisheni

Wakenya hatuhitaji kufunzwa kuungana. Chama ni chetu. Lakini chama na klabu ya hisani ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumeleta magomvi mengi.

Katika chama, pesa huzunguka na kurudi kwa wanachama. Leo ni zamu yako, kesho yangu. Katika klabu ya hisani, pesa zikitoka hazirudi. Mkitumia mfuko mmoja kwa yote mawili, siku moja mwenzenu atafiwa, mtatoa pesa za hisani, na mwingine atauliza mbona zamu yake ya kupokea haijafika. Tengeni mifuko tangu siku ya kwanza. Pesa zitolewe kwa saini mbili, na hesabu isomwe kila kikao hata kama ni ya pauni 40.

Pia jueni sheria ya nchi mliyomo, kwa maana hapa watu wameumia kwa kutojua.

Kule Uingereza, yaani England na Wales, shirika la hisani lenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida linatakiwa kusajiliwa na Charity Commission. Kikundi kidogo chini ya hapo kinaweza kuanza bila usajili huo, mradi kiwe na katiba na hesabu safi. Faida ya kutambuliwa rasmi ni kwamba serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni moja inayotolewa na mlipa ushuru aliyekubali mpango huo.

Katika Milki za Kiarabu mambo ni tofauti kabisa. Huko, kuchangisha pesa za hisani bila kibali cha mamlaka ni kosa, hata mtandaoni. Dubai iliweka kanuni zake mwaka 2015, na sheria ya shirikisho ikafuata mwaka 2021. Ule mchango wa WhatsApp ambao kwetu ni jambo la kawaida, wa hospitali ama wa kusafirisha mwili nyumbani, unaweza kukuletea faini kubwa na hata kifungo. Mkiwa huko, zungumzeni kwanza na ubalozi wa Kenya ama mpitie shirika lenye leseni. Kukutana, kutembeleana wagonjwa, kufunzana lugha na kumpokea mgeni hakuhitaji kuchangisha hata senti.

Na wewe ambaye hujaenda popote? Anza mazoezi hapa. Rotaract, tawi la vijana la Rotary lililoanza mwaka 1968, lina vilabu katika vyuo vingi vya Kenya, na tangu mwaka 2020 halina kikomo cha juu cha umri. Ukijifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kushika hesabu na kupanga siku ya kupanda miti ukiwa Eldoret, ujuzi huo utabeba thamani ile ile Glasgow.

Kabla ya kusafiri, basi, ongeza mambo mawili kwenye orodha yako ya maandalizi. Pata jina na nambari ya mtu mmoja aliyetangulia katika mji huo, na mwambie siku utakayofika. Kisha tafuta kundi moja lenye kazi, liwe la Waingereza, la Wakenya, la kanisa, la msikiti ama la majirani. Nenda wiki yako ya kwanza, kabla baridi na aibu hazijakuzoesha kukaa ndani. Wakikuuliza unaweza kusaidia nini, usiseme utafikiria. Uliza maboksi yako wapi.